Laki Mbili na Nusu ya Kujulikana

Mpwa wangu ametengeneza mchezo wa kompyuta. Unaendesha Noah iliyosheheni tangawizi ya Mamba Miamba, unateremka na kona za Upareni hadi stendi ya Same, na breki zinashika zikijisikia. Njiani anakatiza faru. Nikamwambia faru wa Mkomazi wamezungushiwa uzio. Akanijibu, "Mjomba, hiyo ni sanaa."

Mchezo umekwisha, na hapo ndipo taabu zangu zilipoanza. Alimtumia dada yake aliyeko Arusha, mwenye Mac. Kompyuta ikatamka kwamba faili limeharibika, litupwe kwenye pipa la taka. Halikuharibika chochote, halikuwa na saini tu. Rafiki yake wa Windows naye akaonywa kuwa programu imetoka kwa mtu asiyejulikana. Nchi hii ukishaitwa asiyejulikana, majirani wanafunga milango mapema. Kijana wa Suji huyu, ambaye ukimuulizia njiani utaoneshwa mpaka kaburi la babu yake!

Basi nikasema saini si kazi. Twende kwa mtendaji, tuchukue barua ya utambulisho, mhuri wa bluu ugongwe nusu kwenye karatasi, nusu kwenye shavu la picha. Akacheka ile ya wasomi. Kumbe saini yao ni hesabu: ana ufunguo wa siri kwenye kompyuta yake, hesabu inapita kwenye kila faili la mchezo, na mtu akija kuchezea hata herufi moja, saini inakataa. Hapo wametuzidi. Barua za mtendaji zilizofutwa tarehe kwa wembe nimeziona, na mhuri umetulia tuli.

Ila hawakuishia hapo. Tangu mwaka 2019 programu mpya za Mac zinazouzwa nje ya duka la Apple hupelekwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni hiyo, zikaguliwe kama zina virusi, ndipo zipewe tiketi. Mchezo wote unapanda, pamoja na Noah, tangawizi na faru, kwa bando la mjomba. Kijana akisahau kusaini kijiprogramu kimoja kilichojificha ndani ya kifurushi, unarudishwa. Anarekebisha, anaupandisha tena, nami nanunua bando lingine.

Halafu kuna ada ya Apple: dola 99, kama laki mbili na nusu hivi, kila mwaka. Duka la michezo la Steam nalo lina ada ya dola 100 kwa kila mchezo, japo hizo zinarudi mauzo yakifika dola 1,000.

Sisi Wapare na kulipa tuna historia. Januari 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi hapa Same kupinga kodi ya mbiru. Kodi ya kawaida walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni watu kukaa na kukisia mwenzao ana mali kiasi gani. Mimi mjukuu wao leo naomba kinyume chake: jamani, nikadirieni! Njooni mhesabu mbuzi. Dola 99 za mtu wa San Francisco ni chakula cha jioni na rafiki yake. Za Suji ni ada ya shule, mbolea na sare, na bado jirani anasema Wapare ni wabahili, mnaishi kwa kunusa samaki.

Eti kuna kichochoro: mchezaji aingie kwenye mipangilio ya Mac, atafute pa usalama, abonyeze kwamba anafungua hivyo hivyo. Zamani kubofya kulia tu kulitosha, toleo la mwaka 2024 likaziba. Nani atahangaika hivyo kwa ajili ya Noah isiyo na breki?

Haya, nitalipa. Tangawizi iliyoko stoo itakwenda gulioni. Lakini ndani ya mchezo huo kuna konda anayemdai bibi kizee nauli ya kuku, na kofia aliyoivaa ni yangu, hadi tundu la moto wa sigara liko palepale kushoto. Mpwa anasema imefanana tu. Amvue kwanza, ndipo asaini.