Nyumba ya Udongo Mkolani: Jenga kwa Mikono (ya Wengine)

1. Anza kwa maneno. Majirani zako hapa Mkolani, Mwanza, wanapanga bloku za saruji. Wakikuona unakanyaga tope watajua umefilisika. Wahi kabla hawajaanza. Waambie umechoka kulala kwenye joto kali, umechagua udongo kwa hiari yako. Wakibisha, wapige kwa Msikiti wa Djenné kule Mali: wote wa tope, ulijengwa upya mwaka 1907, na mji wake uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1988. Usithubutu kutaja kwamba wananchi huupaka tope upya kila mwaka.

2. Tafuta udongo. Wazee wa Usukuma walishamaliza kazi hii zamani: wanaujua luseni, ule wa kichanga, na wanaujua wa mbuga, ule mweusi wa bondeni. Wewe chukua wa mbuga, kwa sababu uko karibu na hauna mwenyewe. Kiangazi utapasuka nyufa za kupitisha vidole. Masika utavimba na kuusukuma ukuta. Nyufa utasema ni za hewa.

Kuna watu hutia udongo kwenye chupa, wakajaza maji, wakatikisa, wakangoja. Mchanga hutua upesi, mfinyanzi huweza kuchelewa hata siku nzima. Siku nzima ya nini, ndugu yangu? Chota kidogo, temea mate, finyanga kwenye kiganja, kunja uso, tikisa kichwa polepole. Fundi hatakuuliza swali tena.

Ila nikunong'oneze: udongo mtamu kuliko wote ni wa kichuguu. Mchwa wameshauchambua na kuukanda bila malipo. Tatizo ni kwamba kichuguu kizuri huwa kwenye kiwanja cha mwenzio. Nenda mchana kweupe na toroli, umwambie mwenye kiwanja unamsaidia kuondoa mchwa kabla hawajamlia milango. Atakushukuru, na soda juu.

3. Ita ukoo. Kukanda tope kwa miguu ni kazi ya kuvunja kiuno, kwa hiyo ifanye iwe ngoma. Wasukuma wana bugobogobo, watu wanacheza na majembe; nani atakataa kucheza? Lete ngoma moja, ugali na dagaa wa kutosha. Wewe shika pima maji, zunguka nayo. Kabla ya kupiga picha, jipake tope kuanzia magotini kwenda chini. Ukijipaka usoni umezidisha.

4. Msingi. Nyumba ya udongo hutaka kukanyaga mawe, mpaka usawa wa goti, ili maji ya chini yasipande ukutani. Na Mwanza ni mawe matupu. Lakini jiwe lile linataka moto juu yake, kisha nyundo, kisha mgongo wa mtu. Panga mawe upande unaotazama barabara tu. Abiria wa daladala za Buhongwa hawashuki kukagua nyuma.

5. Fyatua tofali. Kalibu ni ya kuazima, usinunue. Tofali mbichi hutakiwa kufunikwa nyasi zisikauke kwa pupa, zigeuzwe ubavu, zisubiri wiki kadhaa. Jenga nazo kesho kutwa. Ukuta utatua wenyewe, kama mzee anayejiweka kwenye kigoda, na mlango utagoma kufunga. Laumu seremala.

6. Paa. Bati likitokeza sana nje, mvua haifiki ukutani. Lakini ukilikata liishie palepale ukuta unapoishia, umeokoa mabati mawili. Chagua.

7. Sasa lipu, na hapa tusogee karibu maana hapa ndipo heshima ya mtu ilipo. Bibi yako angechanganya udongo, mchanga, mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, akasiriba kwa kiganja akizungusha mkono, na ukuta ungebaki na alama za vidole vyake. Lipu ya namna hiyo hukubaliana na ukuta: unyevu ukiingia, hutoka. Ikipasuka, unaloweka, unapaka tena jioni ileile.

Lakini mgeni akiona alama za vidole, atakuonea huruma. Kwa hiyo piga lipu ya saruji moja kwa moja juu ya tope. Siku hiyo itang'aa. Saruji ni ngumu, udongo nyuma yake unavimba na kusinyaa. Itapasuka ufa mwembamba, maji yatapita humo na hayatapata pa kutokea. Tope litalainika kimyakimya. Siku moja utagonga ukuta na kusikia uwazi, na wiki inayofuata kipande kizima cha lipu kitalala sebuleni kikiwa na rangi yake na fremu ya picha ya harusi. Ndiyo maana rangi hupakwa Agosti, na sherehe ya kuhamia hufanywa Septemba. Vuli ikija Oktoba, wageni wameshakula na kusifu. Pale penye uwazi, sogeza kabati.

8. Usilale humo wewe. Pangisha. Tafuta mtu aliyehamishiwa kikazi Mwanza, anayetaka kuonja maisha ya asili, na umwonyeshe nyumba saa nne asubuhi, jua likiwa upande wa mbele. Chukua kodi ya miezi sita. Kwenye mkataba, chini kabisa, andika kwamba kupaka tope kuta zote kila mwaka kabla ya vuli ni jukumu la mpangaji, na ng'ombe wa mavi atajitafutia. Akiuliza mbona ukuta wa nyuma umelowa, mwambie nyumba inapumua. Akiuliza tena, simu yako iwe inaita.