Barua ya Wazi kwa Klabu za Simba na Yanga: Ombi la Kuihamishia Jamii Temeke

Kwa viongozi wakuu wa Klabu ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, na wa Klabu ya Young Africans, Mtaa wa Jangwani, Dar es Salaam.

Yah: Ufumbuzi wa kudumu wa mjadala wa mashabiki kuhusu mahali pa kufanyia matamasha ya klabu pamoja na jamii

Kwa heshima zinazostahili taasisi mbili ambazo moja imekuwapo tangu mwaka 1935 na nyingine tangu mwaka 1936, barua hii inawasilisha pongezi kwa viongozi wa Young Africans, ambayo wengi huiita Yanga, na kwa viongozi wa Simba, kwa jinsi walivyosimama imara katika jambo linalowagombanisha mashabiki vijiweni, kwenye mabasi ya mikoani na katika ofisi za matawi kila msimu mpya unapokaribia, yaani ni wapi panapofaa klabu kukutana na jamii yake mara moja kwa mwaka. Matamasha yenyewe ni mawili. La kwanza ni Simba Day, lililoanzishwa mwaka 2009 na kupangiwa tarehe 8 Agosti, na la pili ni Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza mwaka 2019 na ambayo siku yake ya mwisho huitwa kilele. Watani hawa wa jadi, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya mpira uliogonga mkono, wamekubaliana bila mkutano wowote kwamba siku hiyo kubwa, yenye muziki, utambulisho wa wachezaji mmoja mmoja na mchezo wa kirafiki dhidi ya timu ya nje, haina makao mengine duniani isipokuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, wilayani Temeke.

Uimara wa mahali unadhihirika zaidi ukiwekwa kando ya wepesi wa tarehe. Tarehe 8 Agosti, ambayo mtu angeweza kuidhania kuwa ndiyo roho ya Simba Day, imeonekana kubebeka bila taabu: mwaka 2023 tamasha lilifanyika tarehe 6 Agosti, mwaka 2024 tarehe 3 Agosti, na mwaka 2025, nchi ilipokuwa miongoni mwa wenyeji wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao, likasogezwa hadi tarehe 10 Septemba. Siku ilihama, mwezi ukahama, wageni waalikwa wakabadilika kutoka Power Dynamos ya Zambia hadi APR ya Rwanda na kisha Gor Mahia ya Kenya, lakini Temeke ilibaki palepale. Inafaa kukumbukwa kwamba tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima, Nane Nane, ambayo maonyesho yake ya kitaifa yamekwisha kufanyika Simiyu, Mbeya na Dodoma, jambo linalothibitisha kwamba fahali wa maonyesho na trekta wamejaliwa uwezo wa kusafiri ambao wanamichezo wenye afya njema, wenye basi lao na daktari wao, bado hawajajaliwa.

Mfano unaoweza kuleta usumbufu kidogo ni ule wa tarehe 25 Mei 2025, Simba ilipocheza na RS Berkane ya Morocco mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, baada ya CAF, shirikisho linalosimamia soka barani, kutoridhishwa na hali ya Uwanja wa Mkapa. Fainali ya bara zima ilivuka bahari, na mashabiki wakapanda boti wakaifuata. Wakorofi watauliza: ikiwa fainali iliweza kuvuka, mchezo wa kirafiki unashindwa na nini? Nao wajibiwe kwamba fainali ilihamishwa na CAF, ilhali mchezo wa kirafiki ungepaswa kuhamishwa na klabu yenyewe, na kuzilinganisha mamlaka hizo mbili ni utovu wa adabu.

Isidhaniwe kwamba mikoa imesahauliwa. Siku zinazotangulia kilele hujaa shughuli za kijamii, yaani kuchangia damu, kufanya usafi katika masoko na hospitali, kutembelea wagonjwa na kupeleka mahitaji kwenye vituo vya watoto yatima, na shughuli hizo hufanywa na matawi, ambayo ni vikundi vya wanachama na mashabiki waliosajiliwa katika mtaa, kata au wilaya yao, kwa michango yao wenyewe na mara nyingi kwa mifagio waliyotoka nayo nyumbani. Mgawanyo wa kazi ni wa haki kabisa: mikoa hutoa damu, Dar es Salaam hutoa burudani. Tawi la Sumbawanga likishamaliza kufagia huruhusiwa kutuma picha makao makuu, na picha hiyo ikiwa na mwanga wa kutosha hupata nafasi karibu na picha ya msanii atakayetumbuiza Temeke. Pengine huu ndio mfumo pekee wa ugatuzi nchini, yaani ule wa kupeleka madaraka na majukumu ngazi za chini, ambao umefanikiwa kupeleka majukumu yote bila kumsumbua mtu yeyote kwa madaraka.

Shabiki wa mkoani anayetaka kushuhudia matunda ya damu yake ana njia mbili. Anaweza kusafiri, akitoka Mbeya kwa zaidi ya kilomita 800 au Mwanza kwa zaidi ya kilomita 1,000, akiwa amelipa nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha mzunguko, ambao ni sehemu ya viti vya bei nafuu, na jezi mpya, kwa kuwa kuingia uwanjani siku hiyo na jezi ya msimu uliopita ni aibu ambayo familia haiwezi kuivumilia. Ama anaweza kwenda kwenye kibanda umiza, chumba chenye benchi, runinga na kisimbuzi ambamo watu hulipa fedha kidogo ili kutazama mpira, na kilichopata jina hilo kutokana na mambo ambayo benchi hizo huufanyia mgongo wa binadamu. Katika kibanda hicho jamii hukutana kwelikweli, watani wakiwa wamebanana bega kwa bega, mama wa chapati mlangoni na watoto wakichungulia dirishani. Kasoro yake ni kwamba hakina sehemu ya watu mashuhuri, na kwa hiyo hakiwezi kuitwa tamasha.

Wapo wasemao kwamba klabu hizi haziwezi safari ndefu. Uzushi huo ukanushwe mara moja. Kabla ya msimu wa 2024/2025, Simba iliweka kambi Ismailia nchini Misri na Yanga ikaenda Afrika Kusini, ikaifunga Kaizer Chiefs mabao 4-0 na kurudi salama. Jezi, kwa upande wake, imesafiri kuliko wanachama wengi: mwaka 2023 jezi mpya ya Simba ilipandishwa Mlima Kilimanjaro, na mwaka 2024 uzinduzi wake ukafanyika katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako pundamilia na nyumbu, ambao hakuna rekodi ya wao kulipa ada ya mwaka, waliletewa hafla ya klabu karibu na makazi yao. Barua hii haina kinyongo na pundamilia. Inaomba tu watu wa Tabora wafahamishwe vigezo vilivyotumika, ili nao, ikiwezekana, wajipake mistari.

Kuhusu mashabiki wenyewe, uongozi una kila sababu ya kufurahi, kwa kuwa waliotakiwa kuungana kudai tamasha lizunguke wameamua badala yake kugombana juu ya mahali pengine pa kuliweka lisizunguke. Kambi ya Kanda ya Ziwa hutaka liwekwe Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, kwa hoja kwamba huko ndiko waliko mashabiki wengi, hoja ambayo kila kanda huitumia kwa uhakika uleule. Kambi ya Zanzibar huutaja Uwanja wa Amaan uliokarabatiwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2023, ikiongeza kwa upole kwamba Muungano nao ni jamii. Kambi ya Dodoma husema klabu za taifa zikae makao makuu ya taifa, na tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria hadi huko mwaka 2024 haikubali tena kisingizio cha umbali. Lakini ikumbukwe kwamba Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973 na ikahama kwa vitendo baada ya miaka zaidi ya 40, na hakuna sababu ya klabu za mpira kuharakishwa kuliko wizara. Wapo pia watu wa Dar es Salaam, ambao hawana hoja yoyote, wala hawajawahi kuihitaji.

Hoja moja ya uongozi ni nzito na haistahili mzaha mwingi, nayo ni ya fedha. Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, huchukua watu 60,000, na hakuna mwingine nchini unaoukaribia. Viwanja vingi vya mikoani ni mali ya chama tawala, vingine vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi enzi za chama kimoja, na baadhi vimewahi kufungiwa na Bodi ya Ligi kwa ubovu wa eneo la kuchezea. Mhasibu wa klabu anayekataa kubadilisha viti 60,000 kwa theluthi yake si mtu mbaya. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ikiendelezwa kidogo huleta matokeo ya ajabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ikichukuliwa, kwa ajili ya amani, kwamba nusu ni wa klabu moja na nusu ni wa nyingine, huku mashabiki wa klabu nyingine, kama Coastal Union, wakiombwa radhi baadaye, basi kila mmoja akipewa zamu moja tu ya kuhudhuria, klabu itahitaji miaka zaidi ya 514 kuimaliza jamii yake, bila kuwahesabu watakaozaliwa katika kipindi hicho wakiwa na kadi za wazazi wao mfukoni.

Iko jamii moja ambayo katika mjadala huu wa viwanja ni nadra kutajwa, labda kwa kuwa haihitaji nauli. Makao makuu ya klabu zote mbili yako ndani au kandokando ya Kariakoo, mwendo mfupi kutoka bonde la Mto Msimbazi, ambao hushuka kutoka vilima vya Pugu na, mvua kubwa zinaponyesha, huingia majumbani bila hodi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengine bila makazi, hata baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande, na tangu hapo barabara ya Jangwani imefungwa kwa maji mara nyingi kiasi kwamba madereva huitazama kama watu wa pwani wanavyotazama kupwa na kujaa kwa bahari. Uwanja wa Kaunda, ulio ubavuni mwa jengo la Yanga, hugeuka bwawa, na watani hawakuchelewa kuibandika klabu hiyo jina la vyura. Sasa upo mpango wa Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kuliendeleza bonde hilo na kujenga daraja refu zaidi pale Jangwani. Shabiki anayetafuta mahali ambapo klabu na jamii tayari zinashiriki jambo moja, yaani maji yaleyale, angeweza kulipendekeza bonde hili kwa siku ya kuzibua mitaro, kugawa vyandarua, na watoto wa Kigogo na Jangwani kupiga mpira na wachezaji ambao majina yao wameyachora migongoni kwa kalamu ya wino. Lakini pendekezo hilo lingeanguka katika kikao cha kwanza, kwa kuwa bonde halina mageti, na palipokosa mageti hapawezi kukusanywa kiingilio.

Kwa kuwa, basi, klabu haziwezi kuifuata jamii, na kwa kuwa matawi yamekwisha kuonyesha uvumilivu usio na mipaka, barua hii inapendekeza njia ambayo haitamgharimu kiongozi yeyote safari: jamii ihamishiwe Temeke. Kagera, Kigoma, Rukwa na Ruvuma zitambuliwe na klabu, kwa muda wa siku moja kila mwaka, kuwa mitaa ya wilaya hiyo, ili msemaji wa klabu anapotangaza kwenye kipaza sauti kwamba nchi nzima iko uwanjani awe anasema kweli kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi. Watakaokosa viti wataandikwa kuwa wako mzunguko wa nje, ambao utaanzia Chang'ombe na kuishia Ziwa Tanganyika. Michezo ya ligi, ambayo huzipeleka klabu hizi mikoani kila msimu na ambayo wenyeji huipandishia viingilio kwa sababu ndiyo mavuno yao ya mwaka, isihesabiwe kuwa ni kukutana na jamii, kwa kuwa timu huondoka mara tu filimbi ya mwisho inapopulizwa.

Nakala ya barua hii inapelekwa kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania kwa taarifa. Kwa Mkuu wa Wilaya ya Temeke, ili aanze kutafuta maegesho. Na kwa matawi yote ya mikoani, ambayo yanaombwa kuahirisha maswali hadi mkutano mkuu ujao, utakaofanyika Dar es Salaam, na kukamilisha ada za mwaka kabla ya siku ya kuchangia damu.