Jezi ya Mifuko Mitatu

Mjomba, pamoja na kijiwe chote cha mafundi baiskeli hapo Shinyanga,

Huku baridi imeanza kulegea na watu wamekumbuka kwamba wana shingo. Nimepata ujumbe wenu wa sauti, ule mrefu ambao nusu yake ni kelele za pikipiki na mtu anayedai chenji yake. Mmeuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli huku wazee wenye wajukuu huvaa kaptura za kubana wakapanda baiskeli siku nzima bila kutumwa na mtu. La pili, kama Wazungu nao hutupa taka barabarani. Jibu ni ndiyo, na ndiyo. Tena wahusika ni wale wale.

Mnajua naishi Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, jirani na mji wa Oudenaarde. Baiskeli hapa ni Simba na Yanga zilizounganishwa zikawa timu moja, halafu timu hiyo ikafanywa dini. Kila mwaka majira ya kuchipua kuna Jumapili ya Ronde van Vlaanderen, mashindano yaliyoanza mwaka 1913. Ukitaka kufa siku hiyo, vumilia mpaka Jumatatu, vinginevyo utakosa wa kukuzika. Ila mkasa wangu unaanza Jumamosi, siku moja kabla, ambapo watu wa kawaida wapatao 16,000 hulipa kiingilio ili wapite njia zile zile za mabingwa, wapande vilima vile vile, na waumie magoti yale yale.

Ndiyo, Mjomba, wanalipa. Wewe uliyekuwa unapakia magunia ya mkaa kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix na kulipwa baada ya kufika, najua utadhani natania. Kuna kilima kinaitwa Koppenberg. Urefu wake ni mita 600 tu, lakini pale kinapokaza mwinuko unafika asilimia 22, na barabara yenyewe ni ya mawe yaliyopangwa, tena yenye utelezi. Mmoja akiteleza mbele, msafara wote unakwama, kila mtu anashuka na kusukuma. Simama hapo pembeni utawaona madaktari wa meno, wahasibu na walimu wakuu wakisukuma baiskeli mlimani, wanatweta, na nyuma hakuna hata debe la mahindi.

Na baiskeli zenyewe! Zipo zinazokaribia shilingi milioni 30. Fremu ni ya nyuzi za kaboni, unaiinua kwa vidole viwili. UCI, chama kinachosimamia mchezo huu duniani, kiliona watu wanapunguza uzito kupita kiasi kikaweka sheria: baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8. Nina jirani aliyebadilisha boliti zote akaweka za titani ili apunguze gramu kadhaa. Nilitazama tumbo lake, nikatazama boliti, nikanyamaza. Mgeni hachokozi wenyeji.

Sasa shikeni hapo hapo kwenye gramu, maana ndipo kesi ilipo.

Hawa watu hawali ugali njiani. Wanakula jeli. Ni kipakiti chembamba cha urefu wa kidole, ndani yake kuna uji wa sukari unaonata, una ladha ya chungwa lililosimuliwa na mtu ambaye hajawahi kulila. Mwendeshaji anachomoa kipakiti mfuko wa nyuma, anang'ata ncha, anaitema, anakamua uji mdomoni, anameza kwa kukunja uso. Mpaka hapo hana kosa, labda kwa ulimi wake. Kinachobaki mkononi ni ganda tupu la plastiki lisilofikia uzito wa sarafu ya shilingi mia.

Jezi ya baiskeli ina mifuko mitatu mgongoni. Nimezikagua nyingi na zote zina mifuko mitatu. Kipakiti kilikaa humo kikiwa kimejaa tangu alfajiri, kikavuka vilima vitano bila kulalamikiwa. Dakika kinapokwisha, ghafla kinakuwa mzigo usiobebeka, lazima kishushwe mtaroni upesi kabla hakijamvunja mtu mgongo. Nimetafuta kitabu cha fizikia kinachoeleza jambo hilo, sijakipata.

Nisiwaonee. Taka nyingine huanguka zenyewe. Kwenye mawe ya kilima kingine, Oude Kwaremont, baiskeli inatetemeka mpaka meno yanabadilishana nafasi, na chupa za maji zinaruka kutoka kwenye vishikio vyake. Ukitaka kusimama uokote, kuna watu mia nyuma yako na wote breki zimewashinda. Hiyo ni ajali, tunasamehe. Lakini ganda la jeli lililosokomezwa kwa ustadi katikati ya ua wa miiba halikuruka kutoka kwenye kishikio. Hilo lilipelekwa.

Nikajiuliza, watu hawa nyumbani kwao hutenganisha taka kwa mifuko ya rangi. Wanaosha kopo la mtindi kabla ya kulitupa! Akili hiyo huwa imeachwa wapi Jumamosi asubuhi? Jibu nililipata Jumapili, nilipowaona mabingwa wenyewe.

Bingwa halisi hupita kasi, huwezi kumsoma hata jina, halafu anarusha chupa. Watoto wanaigombea na baba zao wanaigombea zaidi. Chupa iliyoguswa na nyota huku ni hirizi, inawekwa juu ya kabati karibu na picha ya harusi, na wakati mwingine picha ndiyo inayosogezwa. Mwaka 2021 UCI walitangaza vita. Kuanzia tarehe 1 Aprili, mtu asitupe chochote nje ya maeneo maalumu ya kutupia taka ambayo waandaaji hutenga njiani. Siku tatu baadaye, kwenye Ronde hii hii, Mswisi Michael Schär akarusha chupa kuelekea kwa watazamaji nje ya maeneo hayo. Akatolewa mashindanoni. Kwa chupa moja, Mjomba! Mwenyewe akaandika kwamba alipokuwa mtoto alipata chupa ya namna hiyo kwenye Tour de France, na ndiyo iliyomtia hamu ya kuwa mwendeshaji. Watu wakalia, wakubwa wakalainika, na kabla mwezi haujaisha adhabu zikapunguzwa. Kosa la kwanza likawa la faini na kukatwa pointi; kutolewa kukaachiwa wanaorudia.

Mimi namwelewa Schär. Lakini mhasibu wetu wa Jumamosi naye alikuwa anatazama runinga, na mhasibu ni mtu wa kuiga. Ameiga jezi, ameiga miwani, amenyoa miguu mpaka inang'aa, amenunua baiskeli ya bingwa na boliti za titani. Akaiga na mkono wa kurusha. Kitu kimoja tu hakikuuzwa dukani: watazamaji. Akirusha yeye hakuna mtoto anayekimbia. Kuna mtaro, kuna upupu, na kuna mbuzi wa mtu anayeshangaa. Chupa ile ile, mrusho ule ule. Ya mmoja ni hirizi, ya mwingine ni taka, na aliyeirusha anarudi nyumbani akijiona ni wa kundi la kwanza.

Na kabla sijaendelea, ndugu zetu wa Eritrea wananidai nimtaje Biniam Girmay. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem hapa hapa Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kulitwaa shindano hilo, na mwaka 2024 akaondoka Tour de France na jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Katikati, Mei 2022, alishinda hatua moja ya mashindano ya Giro huko Italia, akapanda jukwaani, akafungua chupa ya mvinyo wa kusherehekea, na kizibo kikaruka moja kwa moja kwenye jicho lake. Akalazimika kujitoa. Kilomita zote zile za hatari hazikumpata, akapatwa na takataka inayoenea kiganjani. Mwenye kudharau vitu vidogo asome hapo.

Sasa kaeni vizuri, maana naingia kwenye habari ya ng'ombe, na najua hapo kijiweni habari ya ng'ombe haisikilizwi mtu amesimama.

Nina jirani mkulima, njia ya mashindano inapita kando ya nyasi zake. Jumatatu alinikuta naokota maganda, akanipeleka zizini akanionesha kitu kama risasi kubwa, kizito, kinene kama kidole gumba.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Sumaku."

"Ya kazi gani?"

"Ng'ombe anaimeza."

Nikadhani Kiholanzi changu kimenisaliti. Lakini ndivyo ilivyo. Mtu akitupa kopo la bati kwenye nyasi, mashine ya kukatia majani inalicharanga vipande vikali kama wembe. Vipande vinaingia kwenye malisho, ng'ombe hatafuni kwa uangalifu, anameza. Vinatoboa tumbo, na vikielekea mbele vinafika moyoni. Basi wafugaji humezesha ng'ombe sumaku, inakaa tumboni maisha yake yote ikidaka misumari, waya na vipande vya bati. Nikasema hongereni, mmelimaliza tatizo. Akanitazama kama unavyomtazama mteja anayetaka mnyororo uoshwe bure. "Makopo mengi ya siku hizi ni ya alumini," akasema. "Sumaku haiishiki alumini."

Nikamuuliza kama ni waendesha baiskeli wanaotupa hayo makopo. Akasema mengi ni ya wenye magari na ya watazamaji waliokuja kunywa bia. Wa baiskeli wanaacha zaidi jeli na chupa. "Ila ng'ombe," akaongeza, "hasomi lebo."

Kazi ya kuokota nayo ina utaratibu wake. Flanders kuna mpango wa Mooimakers unaosaidia wanaojitolea kusafisha mazingira. Tunavaa vizibao vya kung'aa, kila mmoja ana koleo refu la kuokotea bila kuinama, tunaanza vizuri kama watu wenye akili. Halafu mabishano yanaingia. Chupa ya plastiki inaingia mfuko wa bluu, hapo hakuna ubishi. Ganda la jeli je? Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alilikunjua, akalipima kwa mwanga wa jua, akatamka kwamba plastiki iliyobandikwa tabaka la alumini haikubaliki kwenye bluu. Mwenzake akapinga. Wakasimama katikati ya barabara wakijadiliana kwa heshima na uchungu, ganda likiwa mkononi, mpaka trekta likapiga honi. Aliyelitupa alitumia nusu sekunde, na sisi tukalifanyia kikao.

Mtasema basi Wazungu wameanguka mtihani, tushangilie. Taratibu. Yule bibi aliniuliza kwetu hali ikoje, nikavimba kifua. Nikamwambia Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitangulia 2017, na Rwanda 2008, wakati huku bado mnafungiwa nyanya mbili kwa plastiki tatu. Nikaongeza kwamba Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, kwenye nchi ambayo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi raia hutoka kwa umuganda kufanya kazi za jamii. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima. Sikumwambia kuhusu basi la Mwanza. Sikumwambia jinsi madirisha yanavyofunguka baada ya Singida na chupa za maji zikaruka kama kumbikumbi, na konda akatazama pembeni. Siri ya familia haitolewi kwa jirani.

Tofauti ni kwamba kwetu chupa tupu ina wa kuichukua. Itatiwa mafuta ya alizeti, itatiwa asali, itauzwa kwa kilo. Kwa hiyo anayetupa kwetu anajidanganya kwamba amegawa, na anayetupa huku anajidanganya kwamba ni bingwa. Wote wawili hawajamwona anayeinama nyuma yao. Nami nasema, kabla ya faini na vibao, waandaaji wampe kila mshiriki koleo Jumatatu moja tu. Akirudi mwaka wa pili atajua mfuko wa nne wa kushona uwe wapi.

Mwisho, Mjomba, yule mtoto wa dada aliyeniagiza chupa ya bingwa wa Ulaya: namtumia nne kupitia kwa Mchagga anayekuja likizo. Nimeziosha kwa maji ya moto. Nahisi zote ni za madaktari wa meno, lakini msimwambie. Mwambieni tu zilitupwa na watu waliokuwa wanakwenda kasi sana. Si uongo, nilizikuta upande wa mteremko.

Wasalaam,
Mpwa wenu wa Flanders