Mtu wa Ng'ambo ya Milima

Jirani yangu hapa Kanzenze, Rwanda, hana maoni yake. Ana ya Musenyeri, askofu wetu. Muulize kwa nini mchango wa kipaimara umepanda: "Musenyeri amesema." Na kwaya je, kufanya mazoezi alfajiri chini ya dirisha langu? "Musenyeri amesema." Naapa Musenyeri mwenyewe, huko Nyundo, hana habari na dirisha langu.

Watu wa aina hii Ulaya wana jina lao: ultramontani. Waingereza wanalitumia, Wafaransa pia, na asili yake ni Kilatini, "ng'ambo ya milima". Milima yenyewe ni Alps. Uko Paris, lakini kila jambo unangoja Papa aseme kutoka Roma? Basi wewe ni wa ng'ambo. Cha kuchekesha, zamani Waitaliano walilitumia kinyume: kwao papa ultramontani alikuwa yule mgeni aliyetoka kaskazini mwa Alps. Kumbe ni suala la umesimama upande gani. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza kwamba Papa hakosei anapotamka rasmi fundisho la imani au maadili, na wa ng'ambo wakashangilia.

Basi nikamwita jirani hivyo, sokoni Mahoko, na maana yake nikamtajia. Nilitegemea akasirike kidini. Alikasirika kiforodha. Kwetu milima ni Karisimbi na Nyiragongo, na mwenye mambo yake ng'ambo, yaani Kongo, huulizwa amepitisha nini mpakani usiku.

"Mwalimu, mimi magendo sijafanya hata siku moja!"

Muuza viazi akaacha kupima, akaegemea mizani yake ili asikie vizuri.

Ikabidi nieleze habari za Alps na Roma. Jirani akasikiliza, kisha akasema: "Basi hilo si jina letu. Kutoka hapa hadi Nyundo ni lami tupu, mlima wa kuvuka uko wapi?"

Hapo sina la kubisha. Tangu 1952, Aloys Bigirumwami alipowekwa wakfu kuiongoza Nyundo, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji, mamlaka tunayo mlangoni. Na jina la mahali penyewe, kwa sikio la Mswahili, ni la kugongea misumari.

Jirani akatoa daftari la michango, akalamba kidole akifunua.

"Kwenye mapokezi ya Musenyeri ulikuwa mfuko mmoja wa viazi, Mwalimu. Lakini kwa elimu hii, tukuandike miwili."

Muuza viazi alishaanza kuifunga.