Namna ya Kusimamisha Ghorofa kwa WhatsApp

Mhandisi, kazi ya kwanza si msingi. Fungua kundi. Usibane wajumbe: WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye kundi moja, na ghorofa nne haziwezi kusimama bila shemeji wa mwenye mradi, dalali aliyemuuzia kiwanja na binamu yake aliyeko Kanada anayejua wenzetu wanavyojenga. Kisha fungua la pili lisilo na mshauri, la tatu lisilo na mkandarasi, na la nne la mchango wa harusi ya fomeni. Hilo la nne ndilo litakalokuwa na uhai.

Maelekezo yote sasa yapite humo. Kile kitabu cha maelekezo cha saiti, chenye nakala na sahihi, kifungie kwenye droo. Kina tabia mbaya ya kukumbuka nani alisema nini.

Tuseme saa mbili asubuhi fomeni ameuliza: "Bosi, ringi za nguzo kila 150 au 200?" Usimpigie, kupiga simu ni ushamba. Liache swali. Chini yake zitashuka salamu za Ijumaa, mawaidha ya dakika kumi na moja, mabishano ya bao la Yanga lililokataliwa, na mtunza stoo akiuliza nani kachukua tindo. Saa nne mwenye mradi ataandika: "Soda za mafundi leo juu yangu." Hapo ndipo uibuke na neno moja: "Sawa." Fomeni ataisoma hiyo sawa, atachagua 200 kwa sababu ndiyo inayomaliza nondo mapema, na zege litamwagwa. Yeye kajibiwa, wewe umejibu. Nguzo haikuulizwa.

Ukaguzi nao ufanye kwa picha. Mwambie fundi apige nondo kabla ya kufunga mbao. Atachagua upande uliofungwa vizuri, maana naye ana akili zake. Mrudishie dole gumba.

Kumwagilia jamvi kwa siku saba ndiko kunakochosha, hivyo mwagilieni siku ya kwanza tu, mpige picha saba, muwe mnatuma moja kila asubuhi. Angalieni tu fundi asionekane wiki nzima na shati lile lile, watu watadhani hamjamlipa. Nyufa zikianza, nazo zipigwe picha, zipelekwe kundi lisilo na mshauri.

Kijana anayejirekodi juu ya jukwaa huku kavua kofia ngumu ili nywele zionekane, usimkemee. Anautangaza mradi.

Sasa onyo, na hapa sitanii. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kitengo chake cha teknolojia na ujenzi, iliamua kwamba mazungumzo ya WhatsApp kati ya kampuni ya kuendeleza majengo na mkandarasi yalitosha kuwa mkataba wa kubomoa jengo mjini Norwich. Maana yake "sawa" yako ya soda inaweza siku moja kusomwa mbele ya jaji, na wakili wa upande wa pili atataka kujua ulikuwa unakubali nini. Ukiifuta, kundi litaandika kwamba umefuta.

Basi mpigie fomeni kabla gari la zege halijafika. Namba yake unayo.