Namna ya Kupoteza Mafaili kwa Ustadi

Kwanza, achana na diski kuu ya kawaida. Ile imefungwa kabisa, sahani na vichwa vya kusomea vimo humo humo ndani, vumbi halina pa kupitia. Utapotezaje kitu? Tafuta diski ya katriji, ya zile zilizotamba Marekani miaka ya 1990: SyQuest ya megabaiti 44 au, mfuko ukiruhusu, Iomega Jaz ya gigabaiti 1.

Uzuri wake ni kwamba sahani zinakaa kwenye katriji, vichwa vinabaki kwenye mashine. Kila ukichomeka, kilango cha katriji kinafunguka na kila kinachopeperuka chumbani kinakaribishwa. Sahani za Jaz zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinaelea juu yake kwa upenyo mwembamba kuliko unywele. Kwa hiyo usirudishe katriji kwenye kasha lake. Iache mezani, jirani na kahawa. Na ukitaka kusogeza mashine, subiri kwanza sahani zianze kuzunguka.

Siku moja utasikia tak, tak, tak. Hicho ni kichwa kinarudi nyuma na kujaribu tena, maana hakipati cha kusoma. Wenye mashine za Zip, ndugu wa Jaz wanaotumia sahani laini, waliuita mlio wa kifo, na mwaka 1998 baadhi yao waliishtaki Iomega huko Delaware. Mtu mwoga angezima mashine. Wewe jikaze, chomeka katriji ya pili uone kama tatizo ni katriji au ni mashine. Ikigonga, leta ya tatu, hasa ile yenye picha za harusi. Kichwa kilichoharibika kinaweza kuchana sahani yoyote kinayopewa. Halafu chukua katriji iliyochanika, mpelekee mwenzako wa meza ya pili ajaribu kwenye mashine yake, kwani sahani mbovu nayo huweza kuvunja kichwa kizima. Mkishirikiana vizuri, hadi jioni ofisi nzima itakuwa inagonga.

Labda una bahati mbaya na katriji zako ni nzima. Usikate tamaa, subiri kampuni ife. SyQuest iliingiza sokoni SparQ ya gigabaiti 1 mwaka 1998, na Novemba mwaka huo huo ikaomba kinga ya kufilisika. Mwanzilishi wake, Syed Iftikar, alikwisha kuanzisha kampuni nyingine, Castlewood, iliyouza Orb ya gigabaiti 2.2. Katriji za SyQuest haziingii humo, bila shaka. Ukiokota mashine ya zamani inayofanya kazi, bado utahangaika na waya wa SCSI, na kompyuta yenye tundu lake.

Kama umeshaweka nakala mbili za mafaili yako kwenye diski tofauti, samahani, mwongozo huu haukuhusu.