Mbuzi Wetu Amevaa Soksi

Setúbal, Ureno

Mama, nisalimie wote hapo Kisauni, na hasa Ami, ambaye nasikia ametangaza barazani kwamba mimi huku Ulaya nimetandika vizibo vya mvinyo nyumba nzima. Naomba barua hii isomwe kwa sauti Ami akiwepo, kwa sababu habari imefika nusu.

Ni kweli, nimeweka sakafu ya gome la mti, na gome lenyewe ndilo hilo la vizibo. Mlishangaa kwa nini mtu afunike vigae vizuri vilivyong'aa. Mama, vigae vya huku mwezi wa Januari havikanyagiki. Mnaijua Ureno kuwa nchi ya jua, na jua lipo, ila linabaki nje. Majumba mengi ya zamani hayana mtambo wa kupasha joto, kwa hiyo mtu akirudi kazini anavua koti la barabarani ili avae zito zaidi la kukalia sebuleni. Nami mnanijua, ndani siingii na viatu. Alfajiri kwenda kutawadha nilikuwa natembea kwa ncha za vidole huku nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Halafu kuna bibi wa ghorofa ya chini. Watoto wakikimbia, anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mke wangu akitwanga kitunguu saumu, anagonga. Siku moja nilipiga chafya, akagonga. Gome la mti huu limejaa vijumba vidogo mno vyenye hewa ndani, ndivyo hivyo Robert Hooke aliviona kwa hadubini na kuvichapisha kitabuni mwaka 1665, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi isipande na kishindo kisishuke. Nikaona hii ndiyo dawa yangu na ya bibi.

Sasa Ami asikilize vizuri. Mti wenyewe hapa huitwa sobreiro, ni jamii ya mwaloni, na umejaa mashamba ya Alentejo, kusini mwetu. Kiangazi mafundi wa shoka huubambua gome bila kuuangusha. Shina hubaki jekundu, wakaliandika namba nyeupe, tarakimu ya mwisho ya mwaka ule. Ukiona 4, ulibambuliwa 2024, na sheria inasema usiguswe tena mpaka miaka 9 ipite. (Mti wapumzika miaka 9. Mimi sheria hiyohiyo ya Ureno imenipa siku 22 za likizo kwa mwaka.) Mti ukipandwa leo, gome la kwanza husubiriwa kiasi cha miaka 25, nalo huwa gumu lenye mikunjo, halifai kizibo. La pili nalo bado. Vizibo vya maana huanza na la tatu, mti ukishapita miaka 40. Yale yasiyofaa husagwa pamoja na masalio ya magome yaliyokwisha kutobolewa vizibo, yakashindiliwa, ndipo yakatoka mabamba ya sakafu.

Kwa hiyo, Ami, sakafu yangu haijapata kuonana na mvinyo hata siku moja. Ni nduguye kizibo tu, na hakuna anayebeba dhambi ya nduguye. Tunaswali juu yake, na magoti yanashukuru.

Hapa karibu, Águas de Moura, uko sobreiro uliopandwa mwaka 1783. Wanauita mti wa mluzi kwa ajili ya ndege wanaojaa matawini, na 2018 ulichaguliwa kuwa mti wa mwaka wa Ulaya. Tulikwenda kuuangalia, watoto wakauliza una swichi wapi. Wareno wanauheshimu sana mti huu. Bunge lao liliutangaza mti wa taifa Desemba 2011, na kuukata bila kibali ni kosa hata kama umeota shambani mwako.

Dukani ndiko kulikonichosha. Walipokuja kwetu mwaka 1593 kujenga Fort Jesus, Wareno hawakumuuliza mtu wa Mombasa anapenda rangi gani. Mimi niliulizwa mpaka nikatamani wasingeuliza. Ipo ya asali, ya mchanga, nyeupe, nyeusi, yenye chembe kubwa, yenye chembe ndogo. Zaidi ya hayo kuna aina mbili: vigae vyembamba vya kugandisha kwa gundi, na mbao nene za kushikanisha meno kwa meno zisizohitaji gundi wala msumari. Sebuleni nilichukua za meno, kwa kuwa hulazwa juu ya vigae vya zamani bila kuvivunja. Chumba cha watoto vigae vilikuwa vimekwisha banduka, saruji tupu. Huko tukaamua ya gundi.

Fundi, mzee wa hapa mwenye maneno machache, alianza kwa kubandika karatasi ya nailoni juu ya saruji, kingo zote nne kwa utepe, akaenda zake. Kesho yake aliipapasa kwa chini. Kama ingekuwa na matone, kazi ingesimama, maana unyevu wa saruji hubandua kila kitu. Ilikuwa kavu. Maboksi nayo aliyaacha chumbani saa 48 ili mbao zizoee hewa ya nyumba kwanza. Mimi niliposhuka kwenye ndege kutoka Mombasa niliingia kazini kesho yake asubuhi na hakuna aliyeniuliza kama nimezoea hewa.

Ukutani aliacha upenyo wa milimita 10 pande zote, akashikiza kwa kabari, kwa kuwa gome hutanuka na kusinyaa na majira; baadaye skatingi huuficha. Mlango wa sebule ukagoma kufunguka kwa sababu sakafu imepanda, ikabidi ung'olewe na kukatwa chini kwa msumeno.

Chumba cha watoto alisaidia shemeji. Gundi hii hupakwa pande mbili, sakafuni na mgongoni mwa kigae, ikasubiriwa mpaka haishiki tena kidole. Pande hizo zikikutana, nikaha imefungwa na talaka hakuna. Shemeji, ambaye kwa talaka ni mzoefu (hapo Mama usisome kwa sauti), alidhani kigae chake kilichokaa upande kitasukumika kidogo. Hakikusukumika. Kipo mpaka leo, kimekaa upande, na fundi akija hukitazama kwanza kabla ya kunisalimu.

Mama, uliniuliza kwa simu: kizibo chakaa na mvinyo miaka na miaka hakiozi, itakuwaje sakafu yako iogope ndoo moja ya maji? Ni swali zuri, nililipeleka kwa fundi. Gome halina neno na maji. Ila mbao za meno ni gome juu na chini, katikati kuna bamba la unga wa mti ulioshindiliwa, na maji yakipenya kwenye maungio, bamba hilo huvimba na halirudi. Basi Shangazi akija mwezi ujao, tafadhali akae naye mtu amweleze taratibu, kwamba hapa hatumwagi maji tukayasukuma kwa ufagio mpaka nje. Tunapitisha tambara lililokamuliwa. Najua hatakubali. Mke wangu ameshaficha ndoo.

Mkeka tunauhamisha kila mara, kwa kuwa jua la dirishani hulififisha gome, na mahali palipofunikwa hubaki pameiva rangi. Tayari pana alama ya mkeka ambayo wageni hudhani ni nakshi. Na mbuzi wa nazi, kwa miguu yake ile, alitoboa vishimo viwili kabla hatujamshtukia. Gome huinuka lenyewe likibonyezwa kidogo, lakini mke wangu akishaanza kukuna nazi hajui kidogo. Sasa mbuzi amevalishwa soksi za mtoto, mguu kwa mguu.

Bibi wa chini alipanda juzi kulalamika kwamba hasikii kitu. Kumbe alikuwa akijua kwa mlio wa kinu kwamba sambusa zinakaribia, ndipo hupanda kuonja. Tumekubaliana tutamgongea sisi, kwa mpini wa ufagio.

Shangazi apewe nazi nzima, zisikunwe huko.

Wenu,
Mwana wa Setúbal